Dhamana Ikifutwa, Ni Nani Alipaye?



Kwa majuma mengi sasa twapokea barua juu ya jambo moja. Wengi wa waandikaji hushukuru kwamba hapa Visiwani mtu akishtakiwa kwa kubaka au kulawiti hapewi dhamana, bali hukaa rumande mpaka kesi yake imalizike. Wachache hutuuliza kama Mkristo aweza kuiridhia sheria imfungiayo mtu ndani kabla hajahukumiwa. Na msomaji mmoja wa Kikwajuni ametuandikia kwa ukali, akisema kwamba mapadri hawana watoto, kwa hiyo katika neno hili wanyamaze. Barua yake ndiyo iliyotushikisha kalamu. Ni kweli hatukuzaa. Lakini watoto tuwafundishao katekisimu ni wengi, na wako miongoni mwao ambao twajua sababu ya ukimya wao.

Basi na tuanze pale atakapo ndugu yetu huyo, yaani kwa mtoto.

Kila mwenyeji wa Unguja ajua maana ya muhali. Ni ule uzito wa kumkatalia mtu wako, jirani yako au mkwe wako, aliyekujia kwa unyenyekevu akikuomba usimvunjie heshima. Muhali ni sehemu ya malezi yetu mema. Bila huo watu wasingeweza kukaa pamoja katika nyumba zilizobanana kama zile za Mji Mkongwe. Walakini katika kesi za udhalilishaji wa watoto muhali umefanya kazi ya shetani. Mtu alikamatwa leo, kesho kutwa akadhaminiwa, na jioni yake akawa ameketi barazani pale pale, hatua chache na mlango wa mtoto aliyemtaja. Mtoto alipokwenda chuoni alimpita. Kisha wazee wa pande mbili walikutana usiku, zikatolewa fedha, au ikaahidiwa ndoa, na siku ya kesi mama hakuonekana mahakamani, au alikuja akasema kwamba amesahau. Hakimu afanyeje? Hana shahidi, humwachia mshtakiwa. Katika miaka ya karibuni takwimu za Serikali zimehesabu matukio ya udhalilishaji zaidi ya 1,000 kwa mwaka katika visiwa hivi, na walio wengi kati ya waliotendewa ni watoto. Hayo ndiyo yaliyofika polisi. Yaliyoishia sebuleni hakuna aliyeyahesabu.

Maandiko Matakatifu yamjua mtoto huyo. Katika nyumba ya mfalme Daudi mwenyewe, Tamari alitendwa jeuri na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Alitoka akilia hadharani, amelirarua vazi lake. Absalomu, aliyempenda kweli, alimwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake. Huo ndio muhali, nao ulikuwako Yerusalemu kabla ya kuwako Unguja. Daudi alipopata habari alikasirika sana, wala hakufanya neno. Mfalme mwenye mamlaka ya kuhukumu alikaa na hasira yake nyumbani. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni karamuni, na nyumba ile haikupata amani tena.

Kwa hiyo twawaelewa waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Namba 7 ya mwaka 2018, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 2004, iliweka kubaka na kulawiti katika orodha ya makosa yasiyo na dhamana, pamoja na kuua kwa makusudi, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwaka 2021 zikaanzishwa mahakama maalumu za makosa ya udhalilishaji. Ugonjwa waliuona sawasawa. Mashaka yetu ni juu ya dawa, na hasa juu ya bei yake, maana bei hiyo haikutangazwa, wala waliotakiwa kuilipa hawakuulizwa.

Yafaa kwanza tuelewane dhamana ni nini, kwa kuwa mitaani watu husema "ameachiwa" kana kwamba mtu amesamehewa. Dhamana si msamaha. Mshtakiwa husaini bondi, huleta wadhamini, kila mdhamini huleta barua ya sheha wake na kivuli cha kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi, wote hujifunga kwamba mtu huyu ataitika siku ya kesi, na kwamba akitoroka watalipa wao. Ni kama kumkopesha mtu uhuru kwa rehani ya majina ya wenziwe. Desturi hii ni ya kale. Mtume Paulo alipohubiri Tesalonike, wenye ghasia walimkokota Yasoni, mwenyeji wake, mbele ya wakuu wa mji. Na wakuu hao, ambao hawakuwa Wakristo wala Wayahudi, walichukua dhamana kwake na kwa wenziwe, wakawaacha waende zao. Katiba zetu zote mbili, ya Muungano ya mwaka 1977 na ya Zanzibar ya mwaka 1984, zakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitishwa. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya watu tuwapendao. Hao hawahitaji katiba.

Siku moja tulikuwa katika daladala tukirudi mjini kutoka Machui. Mbele yetu waliketi wanawake wawili wa makamo, kila mmoja na kikapu chake, wamegeuziana mabega. Tuliposhuka waliongozana njia moja bila kusemezana, wakaingia katika mahakama moja. Baadaye, mmoja baada ya mwingine, walitujia kutueleza habari zao, maana kanzu ya padri huwavuta watu wenye mzigo, hata wasio wa dini yetu. Mmoja ni mama wa mtoto wa kike, aliyekuwa na miaka saba jambo lilipotokea. Wa pili ni mama wa kijana aliyeshtakiwa. Hatutaitaja shehia yao. Yatosha kusema kwamba ni moja, na kwamba zamani waliazimana chungu. Siku hiyo kesi iliahirishwa kwa sababu daktari hakufika kutoa ushahidi. Mara iliyotangulia hakimu alikuwa safarini, na kabla yake faili halikuonekana. Ulikuwa mwezi wa kumi na nne.

Kijana yule alikuwa fundi seremala. Banda lake limechukuliwa na mtu mwingine, vifaa vyake vimeuzwa kimoja kimoja, msumeno wa mwisho ukiwa umelipia nauli za mama za kumpelekea chakula na sabuni. Mkewe amerudi kwao na mtoto mchanga. Ikiwa ametenda, hayo na makubwa kuliko hayo yamstahili. Ikiwa hakutenda, mahakama ya kumrudishia msumeno wake haiko, wala ya kumrudishia ile miezi.

Lakini ni mama wa mtoto aliyetuambia neno ambalo hatukulitazamia. "Padri," alisema, "tulipoambiwa hana dhamana tulimshukuru Mungu, tukadhani kesi itakwenda mbio. Kumbe akishatiwa ndani, hakuna tena mwenye haraka." Akaendelea: "Mwanangu ameanza kusahau. Usiku namwombea Mungu asahau. Kisha siku ya kesi inakaribia, nakaa naye namkumbusha, maana wameniambia asipolisema sawasawa, mtu yule atatoka."

Wasomaji wetu walitafakari hilo. Sheria ilifanywa kwa ajili ya mtoto huyu. Nayo imempa nini? Imemwondolea mtu yule barazani, na hilo si dogo, twakiri. Lakini imewaondolea pia haraka wote waliopaswa kuwa na haraka. Mpelelezi ajua kwamba mtuhumiwa hatakimbia. Mwendesha mashtaka ajua hivyo hivyo. Hakimu ana mafaili mengine ya watu walio nje, ambao mawakili wao hupiga kelele. Aliye ndani na asiye na wakili hana wa kumpigia kelele. Ushahidi wa mtoto ni kama samaki wa Malindi, haukai. Mtoto wa miaka saba akisimama kizimbani akiwa na tisa, wakili mwerevu atamwuliza rangi ya mlango, naye atakosa, na atasema mlango ulikuwa wa kijani hali ulikuwa wa buluu, na kwa mlango huo kesi itaanguka. Hapo mshtakiwa atatoka kweli kweli, si kwa dhamana bali moja kwa moja, na hakuna barua ya sheha itakayomrudisha.

Liko jambo jingine ambalo kwetu ni kubwa kuliko ucheleweshaji, nalo ndilo twaomba litazamwe na wenye sheria.

Watu hudhani kwamba makosa yakinyimwa dhamana, mamlaka ya kumtoa mtu nje yamekwisha. Hayakwisha. Yamehamishwa. Zamani hakimu ndiye aliyeamua, akiwa ameketi mahali pa wazi, pande zote mbili zikisikia, akatoa sababu zake, na asiyeridhika akakata rufani. Siku hizi neno huamuliwa kabla ya hapo, na yule aandikaye hati ya mashtaka. Akiandika "kubaka", mtu anakwenda rumande pasipo mjadala. Akiandika kosa jingine lililo dogo, kwa habari zile zile, mtu anarudi nyumbani jioni. Uamuzi huo hufanyika ofisini, mlango umefungwa. Hakuna anayeandika sababu, wala hakuna wa kumkatia rufani. Basi tuulizane kwa uaminifu: yule mwenye fedha, au mwenye mjomba mkubwa, ambaye zamani tulihofu kwamba atamhonga hakimu, sasa atakwenda kugonga mlango upi? Na yule seremala asiye na mjomba, nani atamgongea? Muhali ule ule tuliotaka kuufukuza mahakamani umepewa chumba cha ndani zaidi.

Hatusemi kwamba polisi wote au waendesha mashtaka wote ni waovu; wako tuwajuao wafanyao kazi hii kwa machozi. Twasema tu kwamba si haki kumpa mwanadamu, hata aliye mwema, uwezo wa kufunga mtu mwaka mzima kwa neno moja aliloliandika bila kuulizwa.

Majirani zetu Waislamu hutukumbusha mara nyingi kisa cha Nabii Yusuf, ambacho nasi twakisoma katika kitabu cha Mwanzo. Yozefu mwana wa Yakobo alitiwa gerezani kwa mashtaka ya namna hii hii. Mke wa Putifari alilia, vazi likaonyeshwa, bwana mkubwa akakasirika, na kijana mgeni asiye na jamaa akafungwa. Maandiko hayatuambii kwamba alisimamishwa mbele ya hakimu yeyote. Alikaa humo mpaka mnyweshaji wa Farao alipotoka na kumsahau, akakaa miaka miwili tena. Asituelewe vibaya mtu: hatukitaji kisa hiki ili kusema kwamba watoto wetu wasema uongo. Tangu lini mtoto wa miaka saba akabuni mambo kama hayo? Mashtaka mengi ya namna hii ni ya kweli, na mengi zaidi yaliyo ya kweli hayajaletwa. Lakini kati ya mia moja walio ndani, sheria haina njia ya kumjua Yozefu ni yupi isipokuwa kwa kuhukumu, na kuhukumu mapema.

Na sasa twaja kwenye neno lituumalo, kwa kuwa latuhusu sisi wenyewe.

Mwaka 2012 ulikuwa mbaya hapa Unguja. Mwezi wa Mei makanisa yalichomwa moto. Oktoba zilizuka fujo mjini, askari polisi mmoja akauawa Bububu, na viongozi wa Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu, miongoni mwao Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, wakakamatwa na kushtakiwa. Dhamana yao ilizuiwa kwa hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Sikukuu ya Noeli ya mwaka huo Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi, akanusurika. Tarehe 17 Februari 2013, siku ya Dominika, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi huko Mtoni, alipokuwa akifika kuadhimisha Misa. Masheikh hao walikuwa ndani siku hiyo. Lakini moyo wenye kilio haupambanui. Mwaka 2014 viongozi wa Uamsho walishtakiwa Dar es Salaam kwa makosa ya ugaidi, ambayo kwa sheria ya Bara hayana dhamana. Wakakaa. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa, miaka ikapita. Mwezi wa Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa mahakamani, wakarudi kwao. Karibu miaka saba imekwenda, na hakuna mahakama iliyotamka kama watu hao walikuwa na hatia ama hawakuwa nayo.

Wakati ule sisi tulikuwa bado mafrateri seminarini. Twakikumbuka chumba cha kulia chakula, habari za Zanzibar zikisomwa, na mmoja wetu akisema, "Wakae humo humo." Hatukumjibu. Tulipopewa daraja takatifu ya upadri wao walikuwa ndani bado, nasi tulipanda altareni kila siku tukiwaombea wafungwa kwa jumla, tusiwakumbuke hao kwa jina hata mara moja. Hatukuandika mstari. Tuliona kwamba kwa kuwa sisi ndio tuliochomewa na kuuawa, kunyamaza kwetu ni halali. Leo twaona tofauti. Waliokosewa mwaka 2012, wa dini zote, walidaiwa hukumu, na hukumu hawakuipata. Walipewa kizuizi badala yake, nacho kilipofunguliwa hawakubaki na kitu mkononi. Kama masheikh walitenda yale waliyoshtakiwa, Serikali ilikuwa na miaka saba ya kuyathibitisha. Kama hawakutenda, ni nani atakayewalipa? Liwali Feliksi alimweka Mtume Paulo kifungoni Kaisaria miaka miwili bila kukata shauri, kwa kutumaini kuhongwa na kutaka kuwapendeza watu. Tumeyahubiri hayo mara ngapi, tukidhani kwamba kisa ni cha Kaisaria tu?

Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alipozungumza na wanasheria wa jinai huko Roma mwezi wa Oktoba 2014, aliwaonya kwamba rumande ikitumiwa kupita kiasi yageuka kuwa adhabu iliyofichwa, apewayo mtu ambaye hajahukumiwa. Tulikuwa na maneno hayo mkononi mwaka ule ule masheikh walipopelekwa Dar es Salaam. Kusoma si kusikia.

Twajua kwamba mahakama za nchi yetu zimehangaika na neno hili kwa muda mrefu. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilitangua kifungu kimojawapo cha sheria ya Bara kilichonyima dhamana, kwa kuwa kiligongana na Katiba. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikitangua kile kilichompa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuzuia dhamana kwa hati yake tu, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2018. Lakini Mei 2020, Mahakama Kuu ilipoitangua orodha nzima ya makosa yasiyo na dhamana na kuipa Serikali miezi 18 ya kurekebisha, uamuzi huo haukufika mbali. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani iliurudisha mambo yalipokuwa. Kwa hiyo orodha ingaliko. Sisi si wanasheria, lakini mtu yeyote aweza kuona kwamba majaji wenyewe hawajatulia juu yake.

Jirani zetu wamekwenda njia mbalimbali. Wakenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, waliweka dhamana kuwa haki ya kila aliyekamatwa, hata wa mauaji, isipokuwa mahakama ione sababu nzito ya kumzuia. Uganda, Rais Museveni alishikilia mwaka 2021 kwamba washtakiwa wa makosa makubwa wasipewe dhamana, na mawakili wa nchi ile wakampinga. Lakini Katiba yao ina jambo moja zuri, nalo ni mpaka wa siku: mtu akikaa rumande siku 60 bila kesi yake kuanza kusikilizwa, au siku 180, kwa makosa yanayohukumiwa na Mahakama Kuu pekee, bila kesi yake kupelekwa katika mahakama hiyo, yapasa adhaminiwe. Mbali zaidi, jimbo la Illinois huko Marekani lilifuta mwezi wa Septemba 2023 desturi ya kumtoa mtu kwa fedha, ili maskini asikae ndani kwa umaskini wake. Sasa hakimu humtoa au humzuia kwa kupima hatari. Hakuna hata moja kati ya njia hizi isiyo na gharama. Nchi iwatoayo washtakiwa wengi itakuwa na siku ambayo mmoja wao atamrudia aliyemdhuru, na siku hiyo gazeti litaandika jina la hakimu kwa herufi kubwa. Aliyefungwa bure miaka mitatu hakuna gazeti litakaloandika jina lake. Ndiyo maana ni rahisi kwa wanasiasa wa kila nchi kufuta dhamana kuliko kuirudisha.

Je, twataka nini basi? Ndugu yetu wa Kikwajuni asidhani kwamba twataka yale ya zamani yarudi, mtu akamatwe asubuhi na jioni awe barazani. Hasha. Twataka hakimu arudishiwe uwezo wa kutazama kila kesi, naye afungwe kwa masharti asiyoweza kuyalegeza kwa muhali: kwamba mshtakiwa wa makosa haya, akipewa dhamana, asikanyage shehia ya mtoto, wala njia ya chuo chake na ya skuli yake, wala asitume mtu, akivunja sharti, arudi rumande siku hiyo hiyo na wadhamini wake walipe. Palipo na hatari ya kweli, azuiwe, na sababu zisomwe kwa sauti mahakamani. Na twataka mpaka wa siku. Ushahidi wa mtoto uchukuliwe katika majuma ya kwanza, mara moja, na mtu aliyefundishwa kusema na watoto, usingojee daktari wala faili. Upelelezi ukipita muda uliowekwa, mwenye dhambi ya kuchelewa aulizwe mbele ya watu.

Kuna lituhusulo sisi pia, kwa kuwa kulaumu Wawakilishi ni rahisi. Mkristo aliyepokea fedha ili mtoto wake anyamaze, au aliyekaa katika kikao cha usiku cha kupatanisha jambo lisilopatanishwa, huyo asingoje gazeti. Aje kwenye kitubio, kisha aende polisi. Mdhamini aliyetia sahihi yake kwa mtu aliyejua kwamba atatoroka amesema uongo mbele ya Mungu, hata kama hakuapa. Na Kilimani si mbali. Hapa Zanzibar gereza twaliita Chuo cha Mafunzo, na waliohukumiwa huitwa wanafunzi. Jina jema, ingawa nyakati nyingine twajiuliza mahabusu aitweje, ambaye hajakosa mbele ya sheria na wala hakuna somo alilowekewa. Bwana wetu Yezu Kristu alipojihesabu miongoni mwa waliofungwa hakupambanua kati ya waliohukumiwa na wanaongoja. Wengi wa wanaongoja pale hawatembelewi na mtu, kwa sababu ya aina ya mashtaka yao. Hata mama zao huona haya kuonekana langoni.

Tulipomweleza mama wa yule mtoto mawazo haya, alitusikiliza mpaka mwisho. Hakutubishia. Aliuliza tu: "Na akitoka, Padri, nani atasimama njiani asubuhi mwanangu akienda chuoni? Sheha? Polisi wa shehia? Wewe?" Tulimtajia masharti, tukamtajia adhabu ya kuyavunja. Akasema masharti ni karatasi. Ana haki. Sheria ya namna tuitakayo itahitaji mtu wa kusimama pale, kwa jina lake, kila asubuhi, naye atahitaji kulipwa na kusimamiwa. Na kama Serikali haiko tayari kumweka mtu huyo, basi isiguse dhamana, bali iweke mpaka wa siku peke yake, nao ianze nao mwaka huu. Kesi ya wanawake wale wawili imepangiwa tarehe nyingine. Watapanda daladala ile ile.